Bolti sita ndogo zitaishika spoketi ya baiskeli isiyo na friwili?

Swali limetoka kwa kijana wa Tanga. Anaendesha baiskeli isiyo na friwili, ile ambayo gurudumu likizunguka na pedali zinazunguka. Mwanzoni fundi alimchomelea friwili ikawa pande moja, kisha wakaifunga kwenye habu ya kawaida kwa gundi. Siku moja akiwa kwenye mteremko alikaza miguu ili apunguze mwendo, spoketi ikajifungua, akaanguka, na nyuzi za habu zikaliwa zote. Sasa amepata gurudumu la nyuma la mtumba, la baiskeli ya milimani yenye breki ya diski, na ameambiwa spoketi inaweza kufungwa pale pale inapokaa diski, kwa bolti sita. Anaandika: "Fundi, shikamoo. Bolti zenyewe ni nyembamba kuliko penseli. Zitanishika kweli? Nina kilo 75, kranki zangu ni za milimita 170, mbele nina meno 42 na nyuma nataka 16. Sitaki kuanguka tena."

Marahaba, kijana wangu, na pole sana. Bolti zitakushika, wala si kwa kubahatisha. Nitakupigia hesabu hapa uione mwenyewe. Ninachokihofia mimi ni cheni. Kwa mtindo huu wa kufunga spoketi, kazi ya bolti huisha kwa nusu saa, na kazi ya cheni inaweza kukumalizia Jumamosi nzima. Wengi hufanya kinyume chake: wanahangaika na bolti, cheni wanaifunga ilimradi imefika.

Tuanze na kilichokuangusha. Habu ya friwili ina nyuzi za kulia, kipenyo inchi 1.37, nyuzi 24 kwa kila inchi. Ukisukuma pedali mbele unaikaza friwili. Ndiyo maana friwili iliyokaa miaka kumi kwenye baiskeli ya Phoenix haitoki mpaka uibane kwenye jiriwa na kulizungusha gurudumu zima kama usukani wa lori. Ukikaza miguu kurudi nyuma, unaifungua. Habu zilizotengenezwa kwa mbio za uwanjani zina hatua ya pili ya nyuzi, nyembamba kidogo, inchi 1.29, na hizo ni za kushoto. Hapo hukaa ringi ya kufungia: spoketi ikitaka kujifungua, inaisukuma ringi upande ule ule unaoikaza. Habu yako haikuwa na hatua hiyo. Kuchomelea kuliifanya friwili isizunguke ndani yake, lakini hakukuishikamanisha na habu. Gundi peke yake iliachiwa uzito wako wote.

Njoo sasa kwenye bolti sita. Simama juu ya pedali moja, kranki ikiwa imelala sambamba na ardhi. Kilo 75 ni kama nyutoni 735. Zidisha kwa urefu wa kranki, mita 0.17, unapata nyutoni-mita 125 (Nm, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kwenye kranki. Lakini kinachofika kwenye habu si 125. Kwa meno 42 mbele na 16 nyuma, unazidisha kwa 16 na kugawa kwa 42: karibu 48 Nm. Gia hukuongezea mwendo na kukupunguzia nguvu ya kuzungusha, na hapa upungufu huo ni faida yako.

Linganisha na kazi ambayo kiungio hiki kilitengenezewa. Breki ya diski ya mbele ikishikwa kwa nguvu, tairi inaweza kuisukuma barabara kwa nyutoni 500 hivi. Gurudumu la inchi 26 lina nusu kipenyo cha kama mita 0.33, kwa hiyo bolti sita za diski zinabeba karibu 165 Nm. Ni bolti zile zile za M5, yaani za kipenyo cha milimita 5, kwenye duara lile lile la milimita 44. Wewe unaziomba chini ya theluthi ya hapo.

Bolti hizi kwa kweli hazishiki kwa kukatiza njia, kama msumari. Zinabana. Bolti ya M5 ukiikaza kwa 6 Nm inavuta kwa nyutoni 6,000 hivi, na zikiwa sita ni 36,000. Msuguano wa chuma na alumini kavu ukiukadiria kwa 0.15 tu, spoketi inashikiliwa dhidi ya kuzunguka kwa karibu 120 Nm kabla bolti hazijaguswa ubavuni. Ukizikaza nusu, 3 Nm, unabaki na 60, na hapo ukiinuka kitini na kuvuta usukani mlimani utakuwa umeikaribia kabisa. Usalama wako uko kwenye kukaza. Unene wa bolti si wa kukutia hofu.

Kuna tofauti moja ya kweli kati ya diski na spoketi, na ndiyo inayonifanya nisisitize. Diski husukumwa upande mmoja karibu maisha yake yote. Spoketi ya baiskeli yako itasukumwa mbele, halafu nyuma, halafu mbele, mara mia katika safari moja ya mjini. Matundu yake huwa makubwa kidogo kuliko bolti. Bolti zikilegea hata kidogo, spoketi itaanza kucheza ndani ya nafasi hiyo, tik mbele, tik nyuma, na kila ikicheza itaila alumini ya habu. Ukisikia mlio huo miguuni unapobadili kutoka kusukuma kwenda kukaza, shuka. Usiseme utaangalia ukifika nyumbani.

Kwa hiyo: futa uso wa habu na mgongo wa spoketi kwa petroli na kitambaa safi mpaka kitambaa kitoke cheupe. Rangi au grisi isibaki katikati yao. Weka tone la gundi ya nyuzi, ile ya buluu inayofunguka kwa spana, kwenye kila bolti. Zifunge kwa mkono zote, kisha kaza kwa kuvuka: moja, halafu ya mkabala wake, mpaka zimalizike, kwa mizunguko mitatu. Ufunguo ni wa nyota, T25. Kama habu imeandikwa kipimo chake, fuata hicho. Kama haina, 5 hadi 6 Nm kwa bolti za chuma zilizoingia angalau milimita 8. Huna spana ya kipimo? Ufunguo wenye kipini cha sentimita 10 uning'inizie mzigo wa kilo 6 mwishoni, kipini kikiwa kimelala. Ndoo yenye lita 6 za maji inatosha. Mimi nimekaza hivyo mara nyingi kabla sijapata spana ya kipimo, na nilipokuja kuipata nikazijaribu zile za zamani, zilikuwa sawa.

Angalia urefu wa bolti pia. Bolti za diski kwa kawaida ni za milimita 10, na diski ina unene wa karibu 2, hivyo 8 zinaingia kwenye habu. Spoketi ikiwa na unene wa 3, au ukiweka washa nyuma yake, bolti ile ile haingii vya kutosha. Nunua ya 12, ila kwanza hakikisha haigusi mwisho wa tundu. Bolti iliyogota chini hukudanganya mkononi: unahisi imekaza, kumbe spoketi haijabanwa.

Sasa spoketi yenyewe. Ukiipata iliyotengenezwa kwa kazi hii, yenye matundu sita na meno marefu ya kawaida, inunue. Ukitaka kuchongesha, anza na spoketi ya gia moja, kama zile za BMX. Spoketi iliyotolewa kwenye kaseti, lile rundo la spoketi za gia nyingi, ina meno mafupi na mikato ya kuisaidia cheni ihame, na wewe unataka cheni isihame kamwe. Niliwahi kuitumia ya kaseti, miaka mingi iliyopita, kwa sababu ilikuwa mkononi. Cheni ilitoka kwenye mteremko, ikajikunja kati ya spoketi na fremu, gurudumu la nyuma likakwama pale pale. Niliburuta tairi kama mita kumi, na nguvu za mikono nilizoshikia usukani siku ile nazikumbuka hadi leo. Kwa baiskeli yenye friwili, cheni ikitoka unabaki unapedali hewani. Kwa hii yako, cheni ikitoka gurudumu linaweza kufungwa.

Kuchora matundu ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu ya umbo la duara lenyewe. Matundu ni sita kwenye duara la kipenyo cha milimita 44. Ukiifungua bikari kwa milimita 22 ukachora duara, kisha bila kuibadilisha ukatembea nayo kwenye mstari wa duara hilo, utapiga hatua sita kamili na kurudi ulipoanzia. Kila hatua ni tundu. Hakiki kwa kupima tundu na lile la mkabala: 44, kwa jozi zote tatu. Bora zaidi, tafuta diski iliyokwisha, ibane juu ya spoketi katikati kabisa, na itumie kama kielelezo cha kutobolea. Ugumu uko kwenye kupata katikati. Spoketi ikikaa nje ya katikati kwa nusu milimita, cheni itakaza na kulegea kila mzunguko, na hakuna marekebisho ya kuliondoa hilo.

Meno 16 uliyoyachagua ni mazuri kwa sababu nyingine. Kwenye spoketi ya 16, vipande vya pembeni vya cheni vinashuka mpaka kama milimita 28 kutoka katikati ya ekseli. Kichwa cha bolti, kikiwa cha duara bapa chenye upana wa 9.5, kinafika karibu 27. Unapata nafasi ya milimita moja na ushee. Kwa meno 15 cheni inashuka mpaka 26 hivi na itakwangua vichwa vya bolti, isipokuwa utafute vichwa vyembamba. Chini ya hapo usijisumbue.

Nakuja kwenye cheni. Sehemu ya diski iko upande wa kushoto wa gurudumu, kwa hiyo utaligeuza gurudumu ili upande huo uwe kulia, kwenye kranki. Rimu haitakwenda kombo, kwa kuwa imepangwa katikati ya nati mbili za nje za ekseli, na ukiligeuza katikati inabaki pale pale. Ule mwili wa kaseti, sehemu ya habu inayobeba kaseti, utabaki kushoto bila kazi. Wala usiuone hasara: siku ukichoka, unaligeuza gurudumu kama kawaida, unaweka spoketi moja kwenye mwili wa kaseti, na unapumzisha miguu kwenye mteremko.

Tatizo ni mahali spoketi inapoangukia. Habu ya nyuma ya kawaida ya diski ina upana wa milimita 135, nusu yake ni 67.5. Uso wa kufungia diski uko ndani kama milimita 15 kutoka nati ya nje. Toa, halafu ongeza nusu ya unene wa spoketi, unapata cheni iliyoko milimita 53 hivi kutoka katikati ya baiskeli. Ya kwako ipime mwenyewe kwa rula, usinukuu yangu. Baiskeli za uwanjani hupangwa kwa milimita 42. Ukichukua kranki za uwanjani na habu hii, cheni itakwenda mshazari kwa zaidi ya sentimita moja. Mimi siruhusu zaidi ya milimita 2 kwenye baiskeli isiyo na friwili, na napenda 1.

Ila umesema mbele una meno 42, na hapo nimepata matumaini. Kranki nyingi za milimani za spoketi tatu zilikuwa na 22, 32 na 42. Kama zako ndizo hizo, ile ya 42 ndiyo ya nje kabisa. Kranki za aina hiyo ya zamani zilipangwa spoketi ya kati iwe milimita 47.5, na ya nje iko 7 au 8 mbele yake, yaani karibu 55. Nyuma una 53. Washa moja nzima ya duara, yenye matundu sita na unene wa milimita 2, nyuma ya spoketi, na mstari umenyooka. Nasema washa nzima, siyo washa ndogo sita zilizowekwa moja moja kwenye kila bolti. Hizo ndogo huacha spoketi ikisimama juu ya vijiti, na ule msuguano tuliouhesabia haupo tena. Upande wa mbele pima hivi: unene wa bomba la kiti ugawe kwa mbili, ongeza umbali kutoka ubavu wa bomba mpaka katikati ya jino. Kisha ile spoketi ya 42, kama ina pini na mikato ubavuni, ibadilishe kwa isiyo na vitu hivyo. Cheni za Phoenix ni pana, inchi 1/8, na spoketi za kranki za milimani ni nyembamba, 3/32. Cheni pana inapita juu ya spoketi nyembamba, nyembamba haipiti juu ya pana, kwa hiyo kagua zote tatu kabla ya kulipa.

Jambo ambalo hukuniambia ndilo linaloamua kila kitu: zile nafasi za nyuma kwenye fremu, ekseli inapoingia, zimelala au zimesimama? Zikiwa zimelala, kama kwenye Phoenix au fremu nyingi za zamani, unavuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikaze, unafunga, umemaliza. Zikiwa zimesimama wima, ekseli haina pa kurudi. Na usije ukakubali ule mkono wenye springi unaokaza cheni kwa chini. Kwenye baiskeli yako cheni ya chini ndiyo inayobeba mzigo unapokaza miguu, na mkono huo utanyofolewa siku ya kwanza.

Kwa nafasi za wima unacheza na meno. Kuongeza au kupunguza jino moja, mbele au nyuma, kunahamisha mahali ekseli inapotaka kukaa kwa milimita 3 hivi. Kipande kimoja cha nusu cha cheni kinaihamisha kwa 6 na kidogo. Kwa kuchanganya 42 au 41 au 43 mbele, 16 au 17 nyuma, na kipande cha nusu, mara nyingine unapata mpango unaokaa sawasawa. Lakini cheni hurefuka inapochakaa, na mpango uliokaa vizuri mwezi wa kwanza hulegea baadaye. Kwa mtu aliyekwisha anguka mara moja, ushauri wangu ni kutafuta fremu yenye nafasi zilizolala. Fremu ya chuma iliyo nyembamba kidogo kati ya sahani za ekseli, ya milimita 130, inapanuka kufika 135 kwa mkono tu. Fremu ya Phoenix ni nyembamba zaidi, na kuipanua kunahitaji fundi atakayezinyoosha tena sahani za ekseli ziwe sambamba, la sivyo ekseli itapinda.

Cheni ikishakaa, izungushe kranki taratibu na uibonyeze katikati, juu na chini, katika kila robo ya mzunguko. Nataka icheze kama sentimita moja pale inapokaza zaidi. Ikikaza kama waya wa gitaa inaumiza beringi, ikining'inia itatoka. Na hapa naomba unisikilize vizuri: usizungushe gurudumu huku kidole au kitambaa kiko karibu na cheni. Kwa friwili, cheni husimama ukiivuta. Hii haisimami, inaendelea kuzungushwa na uzito wa gurudumu na inakata kidole. Ukiisafisha, sogeza kwa mkono wa pili sentimita chache chache.

Ekseli iwe ya nati, si ya kufunga kwa mkono wa haraka, kwa sababu kwenye nafasi zilizolala gurudumu huvutwa mbele na cheni kila unaposukuma. Habu nyingi za beringi za gololi za kawaida hukubali kubadilishiwa ekseli nzima ya milimita 10. Na kama mtu atakuuzia habu ya mbele ya diski akisema inaingia kwenye fremu nyembamba na mstari wa cheni unakaa vizuri, ni kweli unakaa vizuri, karibu 40. Lakini ekseli yake ni ya milimita 9 na haikukusudiwa kuvutwa na cheni. Yako inavutwa kwa karibu nyutoni 1,470 ukisimama kwenye pedali. Iache.

Kwa kufunga spoketi hapo, breki ya diski ya nyuma umeiaga. Breki ya mbele ni lazima, na iwe nzuri. Uingereza, kanuni zao za mwaka 1983 zinakubali miguu yako kama breki ya nyuma kwenye baiskeli ya namna hii, lakini zinadai breki nyingine kwenye gurudumu la mbele, na wana haki. Unapopunguza mwendo uzito hukimbilia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi, na miguu yenye nguvu kiasi gani haiwezi kulipa tairi mshiko lisilokuwa nao. Kwa gia yako ya 42 na 16 kwenye tairi la 26, pedali zikizunguka mara 90 kwa dakika unakwenda kilomita 29 kwa saa. Mwendo huo si wa kusimamisha kwa magoti.

Ukishafunga, safari ya kwanza iwe uwanjani au kwenye barabara tupu ya tambarare. Sukuma kwa nguvu, kaza miguu, sukuma, kaza, mara ishirini, ukisikiliza ule mlio niliokutajia. Kisha kagua kila bolti kabla hujaingia barabara kubwa, na kagua tena baada ya kilomita 50. Ukikuta hata moja imegeuka, zifungue zote, safisha, weka gundi mpya, anza upya. Kabla ya hayo yote chukua rula unipimie vitu viwili: upana kati ya sahani mbili za nyuma za fremu, ndani kwa ndani, na umbali wa spoketi yako ya 42 kutoka katikati ya bomba la kiti. Niandikie namba hizo na uniambie nafasi za ekseli zimelala au zimesimama, nikwambie washa ya unene gani uchongeshe.